Mdogo wangu hatulii: ugonjwa unarudi au ni dawa?

SWALI

Shikamoo sista. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Mwaka jana alianza kusikia sauti na kujifungia ndani. Tulihangaika naye sana kabla ya kumfikisha hospitali ya mkoa, wakasema ni skizofrenia. Sasa ni mwezi wa saba anachomwa Modecate kila baada ya wiki nne, na tulishaanza kumshukuru Mungu maana amerudi kazini kwenye gereji ya pikipiki. Ila wiki tatu hizi hatulii. Usiku anazunguka uani, akikaa mezani miguu inachezacheza, kanisani anatoka nje mara nne au tano. Mama anasema sindano peke yake haitoshi. Tangu mwezi uliopita anasaga vidonge vya haloperidoli vya miligramu 5 vilivyobaki nyumbani, anamwekea kwenye uji wa asubuhi bila yeye kujua, kwa sababu vidonge alivikataa zamani. Juzi akasukuma kikombe akasema uji una kitu. Mama akalia, akasema ndiyo hivyo, ugonjwa umerudi, twende waongeze sindano. Baba mdogo anasema tuache dawa zote tumpeleke kwenye maombi, mbona kijana wa jirani aliacha sindano na huu ni mwezi wa tatu yuko salama. Kitaalamu dozi iongezwe au iachwe? Na hii sindano ni ya maisha?

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana. Naomba nianzie kwenye kile kikombe. Mdogo wako alisema uji una kitu, na kweli uji ulikuwa na kitu. Siku ile, ndani ya nyumba ile, mgonjwa ndiye aliyesema ukweli, na ukweli wake ukahesabiwa kuwa dalili.

Simlaumu mama. Katika kazi yangu ya uuguzi wa afya ya akili nimekutana na kina mama wengi wanaosaga vidonge, na sijawahi kumwona anayefanya hivyo kwa ubaya. Ni mtu aliyeshamtafuta mwanawe usiku wa manane barabarani, aliyeshamwona akifungwa kamba ili apandishwe kwenye gari, na hataki kurudi huko. Lakini kitu alichokifanya kwa hofu huenda ndicho kinachomzungusha kijana uani. Kwa barua siwezi kumpima mtu nisiyemwona, kwa hiyo nitakueleza ninachokitafuta mimi mgonjwa wa namna hii akikaa mbele yangu, ili mkifika kliniki mjue mnazungumzia nini.

Modecate ni flufenazini iliyochanganywa kwenye mafuta ya ufuta. Ndiyo maana tunaivuta kwa sindano nene na kavu kabisa, tunaichoma ndani ya msuli wa tako, sehemu ya juu upande wa nje, taratibu. Mafuta yale yanakaa msulini na kuachia dawa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Haloperidoli ni kidonge, lakini kazi yake ni ileile: zote mbili zinazuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Dopamini ikizuiwa kwa kiasi, sauti zinapungua na hofu inapungua. Ikizuiwa mno, sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo wa mwili nazo zinabanwa. Kwa hiyo kijana wenu, kwa mwezi mzima, anapata dawa mbili za kundi moja kwa wakati mmoja. Anayemchoma sindano anajua moja tu. Mkienda mkasema “hatulii, ongezeni”, na uji msiutaje, anaweza kuongeza kweli, na atakuwa hana kosa.

Hali ninayoihisi hapa inaitwa akathisia. Kwa lugha ya nyumbani ni ile hali ya mtu kushindwa kukaa, si kwa sababu anataka kwenda mahali, bali kwa sababu mwili unamkatalia kutulia. Ni mojawapo ya madhara yanayojulikana sana ya dawa hizi, na ndiyo inayofananishwa na ugonjwa kuliko madhara mengine yote. Mtu anazunguka, halali, ana hasira za karibu, anatoka kwenye mazungumzo katikati. Aliye nje anaona kuchanganyikiwa.

Nililijifunza hili kwa uchungu. Nikiwa bado mgeni wodini tulikuwa na kijana wa umri kama wa mdogo wako. Kila usiku alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Mimi ndiye niliyekuwa zamu, nikaandika kwenye faili: “Amesumbuka, anatembea usiku kucha, hana ushirikiano.” Asubuhi dozi ikaongezwa. Usiku uliofuata akatembea zaidi. Nikaandika tena, ikaongezwa tena. Usiku wa tatu niliingia zamu na muuguzi mtu mzima, mama aliyekaribia kustaafu. Hakusoma faili kwanza. Alivaa kandambili, akaanza kutembea naye, mlangoni hadi dirishani, mlangoni hadi dirishani, kisha akamuuliza taratibu: “Baba, ukikaa, unasikia nini miguuni?” Kijana akasimama. Akasema, “Siafu. Kama kuna siafu ndani ya mifupa. Nikitembea wanapungua.” Akaanza kulia. Siku tatu hakuna aliyemuuliza, mimi nikiwa wa kwanza. Dozi ilishushwa, akapewa dawa ya kutuliza hali ile, na baada ya siku chache alikaa kitandani akala ugali hadi ukaisha. Tangu hapo siandiki neno “amesumbuka” bila kuandika na maneno ya mgonjwa mwenyewe pembeni yake.

Sasa tutofautishe. Akathisia iko zaidi miguuni: mtu anabadilisha mguu wa kusimamia, anatingisha goti, anakanyagakanyaga palepale. Ukimuuliza atakwambia haipendi hali hiyo, inamchosha, inamtia wasiwasi. Akili yake kwa mambo mengine iko palepale: anajua leo ni siku gani, kazini anafunga plagi na kurekebisha breki kama kawaida, anakujibu unachomuuliza. Ugonjwa unaporudi huwa na sura nyingine. Usingizi unapungua lakini mtu halalamiki kuupungukiwa. Anaanza kujitenga, kuoga kunakuwa shida, anacheka au kujibu mtu asiyeonekana, watu wa kawaida wanaanza kuwa maadui, na vitu vidogo vinapata maana kubwa: mtangazaji wa redio anamsema yeye, pikipiki iliyopita imetumwa. Kila mgonjwa ana dalili zake za mwanzo, na mara nyingi ni zilezile zilizoanza safari ya kwanza. Wa kwenu alianza kwa sauti na kujifungia. Je, amejifungia sasa? Barua yako inasema yuko gereji.

Angalieni na tarehe pia. Dawa ya Modecate huwa juu zaidi katika siku za mwanzo baada ya kuchomwa, halafu inashuka polepole. Madhara yake nayo mara nyingi hujitokeza kwa nguvu siku hizo. Kama kutotulia kunazidi siku chache baada ya sindano na kulegea wiki ya tatu au ya nne, hiyo inanyooshea kidole dawa. Kama yuko vizuri akishachomwa, kisha anaharibika kadiri sindano inayofuata inavyokaribia, hapo tunafikiria kwamba dawa inamwishia mapema. Kwa mdogo wako kuna saa ya pili inayogonga, nayo ni uji. Mmesema vidonge vilianza mwezi uliopita, kutotulia wiki tatu zilizopita. Sindano alikuwa nayo miezi sita bila shida hii. Ningekuwa kliniki, hapo ningeweka kalamu chini kwanza.

Kuna kipimo tunachotumia ambacho hakihitaji mashine yoyote, ni macho tu. Tunamkalisha mtu, tunaongea naye mambo ya kawaida angalau dakika mbili, tukiangalia miguu bila kumkodolea. Kisha tunamsimamisha, tunaongea dakika mbili nyingine. Halafu tunamuuliza: ukiambiwa usisogeze miguu, unajisikiaje? Daktari wa Uingereza anayeitwa Thomas Barnes aliuweka utaratibu huu kwenye maandishi mwaka 1989, na hadi leo unatumika kliniki. Hata wewe unaweza kumtazama hivyo mkiwa mmekaa barazani, ila usimgeuze mtihani.

Basi la kufanya. Mama asitie tena kitu kwenye uji, kuanzia kesho asubuhi. Vidonge hivyo havimo kwenye kadi yake, na sindano bado iko mwilini inafanya kazi, hataachwa wazi. Vilivyobaki vibebeni mwende navyo kliniki pamoja na pakiti yake, na msisubiri tarehe ya sindano. Nendeni siku ya kliniki iliyo karibu na semeni yote: vidonge gani, kimoja au viwili kwa siku, tangu lini. Ukiona aibu kusema mbele ya foleni, omba kuongea na muuguzi pembeni. Tumesikia makubwa kuliko hayo, hatutamfokea mama. Sindano inayofuata isichomwe kabla mtaalamu hajasikia habari hiyo.

Huko wanaweza kuamua mambo kadhaa. Pengine kuondoa vidonge tu kunatosha, wamwangalie wiki mbili. Pengine watapunguza sindano au kuachanisha zaidi siku za kuchomwa. Wanaweza kumwongezea propranololi kwa muda, ile inayotumika pia kwa presha, na hapo lazima mseme kama ana pumu, kwa sababu mwenye pumu haimfai. Ikishindikana kabisa anaweza kuhamishiwa dawa nyingine kama olanzapini, ambayo haisumbui miguu sana kama hizi lakini ina hesabu yake: uzito unapanda na sukari lazima ipimwe. Msimpe Artane ya kuazima kwa jirani. Artane inasaidia mwili uliokakamaa na mikono inayotetemeka, kwa akathisia msaada wake ni mdogo, na vijana wengi wameizoea vibaya. Na muulizeni, bila kumshtaki, kama anatafuna mirungi au anavuta bangi siku hizi, maana navyo vinakosesha utulivu na usingizi.

Yapo mambo matatu ambayo hayasubiri siku ya kliniki. La kwanza ni homa kali pamoja na mwili kukakamaa na fahamu kuyumba. Huku kwetu homa yoyote tunaiita malaria, na inaweza kuwa malaria kweli, ila kwa mtu anayetumia dawa hizi hali hiyo inaweza kuwa sumu ya dawa yenyewe, inayoua. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na mseme mapema kabisa kwamba anachomwa Modecate. La pili ni shingo kujipinda, taya kukaza, ulimi kutoka au macho kupanda juu yakabaki huko. Watu wakiona hivyo wanakimbilia kukemea mapepo. Ni misuli imebanwa na dawa, na hospitali sindano moja mara nyingi inaifungua muda si mrefu. La tatu halionekani kwa macho: akathisia ikizidi inaweza kumfanya mtu atamani kufa ili apumzike. Muulize waziwazi kama mawazo hayo yanamjia. Kumuuliza hakumpandikizii wazo, kunamfungulia mlango. Akisema ndiyo, asibaki peke yake, na twende hospitali usiku huohuo.

Sasa nije kwa baba mdogo. Hoja yake ya jirani inaonekana nzito, na wengi wameiamini wakaumia, kwa hiyo naomba nieleze vizuri. Mtu akiacha vidonge, dawa inamtoka kwa siku chache. Akiacha sindano ya mafuta, dawa inaendelea kuvuja kutoka msulini kwa wiki nyingi, hata miezi. Kwa hiyo mwezi wa kwanza yuko vizuri, wa pili yuko vizuri, na sasa ametoka hata ule usingizi na uzito wa mwili uliokuwa unaletwa na dawa, anaonekana mzuri kuliko zamani. Familia inasema: mnaona, dawa ndiyo iliyokuwa inamuua. Kumbe bado anakula akiba. Akiba ikiisha, mwezi wa nne, wa tano, wa sita, wakati hakuna tena anayekumbuka sindano, dalili zinaanza, na wanatafuta mchawi mpya. Namwombea huyo kijana wa jirani heri, lakini miezi mitatu baada ya Modecate si ushahidi.

Kuna hesabu ninayopenda kuwapa ndugu wa wagonjwa. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya majaribio 65 yaliyokusanywa pamoja, yenye wagonjwa zaidi ya 6,000 waliokuwa wametulia kwa dawa. Ndani ya mwaka mmoja, katika kila 100 walioendelea na dawa, 27 walirudiwa na ugonjwa. Katika kila 100 walioachishwa wakapewa kitu kinachofanana na dawa lakini kisicho na dawa ndani, walirudiwa 64. Soma pande zote mbili. Dawa haimlindi kila mtu, na wapo walioacha wasirudiwe. Shida ni kwamba hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa itakayotuambia mapema mdogo wako yuko kundi gani.

Kwa hiyo sindano ni ya maisha? Kwa mtu aliyeugua mara ya kwanza, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri dawa iendelee angalau miezi 7 hadi 12 akiwa ametulia. Mdogo wako yuko mwezi wa saba wa sindano, na kutulia kwenyewe kulianza baadaye. Muda ukitimia, yeye na daktari wanaweza kukaa kuzungumzia kupunguza, polepole, kwa miezi, huku wote mnajua dalili zake za mwanzo ni zipi na nani apigiwe simu. Wengine hufika mahali wakapunguza sana, wengine wanahitaji dawa miaka mingi kama mtu wa presha. Leo ni mapema kuahidi lolote. Na maombi hayagombani na sindano. Mpelekeni kanisani, mchungaji amwekee mikono. Nilicho na ugomvi nacho ni pale anayeomba anaposema achana na dawa kwanza, au anapomfungisha mgonjwa kwa siku nyingi. Hapo mtoeni.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hamkuuliza. Miaka ya 1950 huko London, mtafiti George Brown alifuatilia wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitalini, akakuta waliorudi kuishi na wazazi au wake zao walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko waliokwenda kuishi na ndugu zao au kupanga chumba. Lilikuwa jambo la kushangaza. Yeye na waliomfuata walichimba wakaona mambo mawili matatu nyumbani ndiyo yanayomchosha mgonjwa: lawama za kila saa, uhasama, na ulinzi uliopita kiasi, yaani kumlinda hadi asiwe na pumzi yake. Nyumba hizo hazikumletea mtu skizofrenia, na mama hakumletea mwanawe. Lakini kijana anayeangaliwa kila anapoinuka kwenda chooni, ambaye kila kauli yake inapimwa kama ni ugonjwa, anachoka. Saa anazokaa gereji na wenzake, mikono ikiwa na grisi, ni sehemu ya matibabu yake. Msimkatishe kazi kwa sababu ya miguu.

Nimeirudia barua yako mara ya tatu. Mama amesema, baba mdogo amesema, jirani ametajwa, wewe umesema. Yeye amesema maneno matatu tu, “uji una kitu”, nayo hayakupokelewa. Kwa hiyo usiku wa leo akianza kuzunguka uani, toka ukatembee naye. Usimwambie akalale. Muulize miguu inamwambia nini, imeanza lini, inapungua akifanya nini, na andika anavyosema, kwa maneno yake, hata kama ni ya siafu. Karatasi hiyo ndiyo mtakayoiweka mezani kliniki, na aisome yeye akitaka.

Kisha kuna kazi ya mama, ngumu kuliko yote. Amwambie. Kwamba alitia dawa, kwamba alikuwa na hofu, na kwamba siku ile mwanawe ndiye aliyekuwa sahihi. Wengi huniambia, sista, tukimwambia si ndiyo hatakula tena nyumbani? Anaweza kukasirika siku mbili tatu, ana haki. Ila mtu ambaye kazi yake yote ni kujifunza tena kutofautisha kilichopo na kisichopo hawezi kuifanya kazi hiyo kama watu anaowaamini wanamwambia kilichopo hakipo. Asubuhi inayofuata uji upikwe yeye akiwa jikoni, utiwe kutoka sufuria moja, na mama anywe kikombe cha kwanza.